Taa za rivasi za ziada kwenye Hardtop: nikikanyaga breki zinawaka kwa mbali, na fyuzi ya geji inakatika. Mafundi njooni huku

#1 Kalinzi_Kahawa
Wakuu habari za jioni, niende moja kwa moja. Naendesha Land Cruiser Hardtop ile ndefu yenye mkonga (bomba la kuvutia hewa juu), injini ya dizeli 1HZ, gia za mkono, gari ya kliniki ya kutembea. Njia zetu ni mwambao wa ziwa huku Uvinza, Ilagala tunavuka kivuko, Sunuka, Sigunga mpaka Kalya. Taa za rivasi ilizokuja nazo ni balbu mbili za wati 21, ziko chini kabisa, ukipita matope dakika kumi tu zishapakwa udongo hazionekani.

Mwezi uliopita baada ya Sigunga nikakuta kadaraja ka magogo kamekatika nusu, saa tatu usiku, pa kugeuzia hamna, kushoto mtaro kulia majani. Ikabidi nirudi rivasi kama mita mia mbili. Utingo akashuka na tochi ya simu aniongoze, akateleza akaanguka nyuma ya tairi. Mimi sikumwona, nilisikia tu ukelele nikakanyaga breki. Hakuumia namshukuru Mungu, ila mikono ilinitetemeka mpaka Sunuka. Hapo ndo nikasema huko sirudi tena bila taa za maana nyuma.

Nikanunua LED mbili za kazi, boksi limeandikwa wati 27 moja, volti 10 mpaka 30. Fundi (simtaji) akachubua waya wa taa ya rivasi ya kushoto akaunganisha humohumo, ethi (njia ya hasi ya kurudisha moto kwenye bodi) akachukua kwenye boliti ya bawaba ya mlango wa nyuma, akazungusha tepu nyeusi kazi ikaisha. Nikiweka rivasi nyuma kunakuwa mchana kweupe, hapo sina neno. Sasa matatizo mawili. Moja, nikikanyaga breki usiku zile LED zinawaka kwa mbaaali kama kaa linalokaribia kuzima. Pili, mara tatu sasa fyuzi iliyoandikwa GAUGE imekatika na geji zote zinalala, ya mafuta na ya joto. Sikuwahi kujua kwamba geji na rivasi wanakula sahani moja.

Kosa liko wapi jamani?

#2 FundiWaya_Mwandiga
Ethi hiyo mkuu. Bawaba ina rangi, ina grisi, ina vumbi, ethi gani unapata hapo? Fungua boliti, kwangua mpaka chuma kiwe cheupe, funga upya kwa washa ya meno (ile ringi yenye meno). Bora zaidi vuta waya mpaka kwenye chesesi. Breki na LED zinapokutana kwenye ethi mbovu lazima zianze kuazimana moto.

#3 Migebuka
Nakaa hapa mbele, wali na mgebuka wangu mkononi.

#4 Volti_Kumi_na_Mbili
Fundi #2 nakuheshimu ila hapo umeenda kinyume. Soma tena alichoandika mleta uzi, akiweka rivasi taa zinawaka kama mchana. Ethi ya bawaba ingekuwa mbovu zingewaka hafifu muda wote au zisingewaka kabisa. Kwa hiyo ethi ya LED ni nzima. Mbovu ni ethi ya taa za gari zenyewe, ile ya kopo (kasha la balbu) la taa ya nyuma kushoto.

Nieleze polepole. Ukikanyaga breki moto unapita kwenye balbu ya breki unatafuta hasi. Kama ethi ya lile kopo imekufa kwa kutu, moto unakosa pa kushukia. Balbu ya rivasi iko kopo hilohilo na inatumia ethi hiyohiyo, basi moto unapanda kinyumenyume kupitia waya wa ndani wa balbu ya rivasi, unatokea kwenye waya wa rivasi, huko unakutana na LED zako ambazo zina ethi nzuri kwenye bawaba. Unashukia hapo. LED hata ikipata moto kidogo tu inaonyesha, balbu ya kawaida isingeonyesha chochote. Zamani kosa hilohilo lilikuwepo, ila hukuwa na kitu cha kukuonyesha.

#5 Kibondo_Kwetu
Naunga mkono #4 nusu. Mkuu Kalinzi hiyo gari ilikuwa ya shirika kabla? Huku kwetu Hardtop nyingi zimetokea kwenye minada ya magari yaliyokuwa yanahudumia kambi za wakimbizi, na karibu zote zina soketi ya tela nyuma hata kama haijavuta tela miaka kumi. Hiyo soketi ndo mchawi. Ina matundu saba, breki, indiketa, rivasi vyote viko mlemle vimepangana karibu, ukivuka maji tope linaingia likikauka linabaki na chumvi yake, moto unatambaa kutoka tundu la breki kwenda la rivasi. Na ikilowa vizuri ndo fyuzi inakatika. Yangu ilinifanyia hivo Kakonko, nilihangaika wiki mbili nikidhani swichi ya breki.

#6 Kalinzi_Kahawa
#5 ndio ilikuwa ya shirika, na soketi ipo! Kifuniko chake hakipo. Nitaiangalia kesho.

#7 Dereva_wa_Kike_TBR
Habari zenu. Kaka Kalinzi pole sana kwa ya utingo. Mimi naendesha Tabora kwenda Sikonge na Inyonga, niliwahi kugonga kisiki kwa rivasi gizani nikavunja kishikio cha springi, tangu hapo hili jambo silichezei.

Kabla hujachubua waya wowote toa balbu za nyuma uziangalie moja moja. Ya breki ina nyaya mbili ndani, wati 21 ya breki na wati 5 ya taa ndogo, na vijipini vyake viwili havilingani urefu makusudi isiingie vibaya. Mafundi wetu wanailazimisha mpaka inaingia kichwa chini miguu juu. Nyingine unakuta waya mmoja wa ndani umekatika ukaangukia mwenzake. Hapo utaona maajabu yote unayoyasema na ukaanza kulaumu ethi bure.

#8 Sikonge78
Hakuna aliyeuliza waya umepita wapi!! Taa umezifunga wapi mkuu, kwenye bampa au kwenye mlango?

#9 Kalinzi_Kahawa
Kwenye mlango, juu kidogo ya tairi la spea. Waya umepita pembeni ya bawaba.

#10 Sikonge78
Basi mi nimemaliza. Kila ukifungua mlango kushusha maboksi ya chanjo ule waya unabanwa na bawaba. Plastiki imeshachanika, shaba inagusa bodi ukikutana na shimo, fyuzi kwaheri. Soketi sijui balbu hapana. Ndo maana inakatika siku moja moja sio kila siku. Ningekuwa wewe ningevua tepu yote leo usiku.

#11 Volti_Kumi_na_Mbili
#10 inawezekana kwa upande wa fyuzi, lakini haielezi breki. Halafu tupige hesabu kidogo. Balbu mbili za gari 21 + 21 = wati 42. LED 27 + 27 = wati 54. Jumla wati 96, gawa kwa volti 12 unapata ampea 8. Fyuzi ya geji kwenye Toyota nyingi za aina hii ni ampea 10, na juu ya hizo 8 kuna geji zenyewe na taa za onyo za dashibodi. Fyuzi haitakiwi kubeba muda mrefu zaidi ya robo tatu hivi ya kilichoandikwa. Fundi wako ameibebesha gunia la pili punda aliyekuwa anapanda mlima na la kwanza.

Na geji ya joto ikilala kwenye mlima wa Kasulu unaweza kuua silinda hedi hujui. Hilo ndo linaniumiza kuliko hata hizo taa.

#12 FundiWaya_Mwandiga
#4 sawa nimekusoma, hoja yako ya balbu kurudisha moto kinyume nimeielewa, nimejifunza. Lakini kwenye hesabu nakukatalia. LED za boksi zinaandikwa wati 27 kwa ajili ya kuuzia. Mimi nimezipima kwenye benchi kwa mita, nyingi hazifiki hata 18. Wati 18 mbili ni 36, jumla na balbu 78, ampea sita na nusu. Fyuzi ya 10 inabeba bila shida. Kwa hiyo hapo hakuna kuzidiwa, kuna shoti mahali.

#13 Ulyankulu_Finest
Mnabishana kote huko wakati dawa ni relei tu, ile swichi inayobonyezwa na moto wenyewe. Relei moja na kila kitu kinaisha.

#14 Mzee_wa_Gungu
Vijana hamjambo. Relei ni sawa, ila muwafundishe na kuifunga. Mwaka jana jirani yangu kafunga mwenyewe kwenye Prado, taa za nyuma zikawa zinawaka muda wote, akiweka rivasi zinazima. Akasema ana taa za kichawi. Nikaenda nikakuta katoa moto kwenye mguu wa 87a badala ya 87.

#15 Kalinzi_Kahawa
Shikamoo mzee wa Gungu. Tafadhali nielekeze hiyo miguu, mimi ni dereva sio fundi.

#16 Mzee_wa_Gungu
Marahaba. Kata karatasi uandike.

Relei ina miguu minne au mitano, namba zimeandikwa chini yake na ni zilezile kwa kampuni nyingi, Wajerumani ndio walizipanga. 85 na 86 ni koili ya ndani, yaani kidole kinachobonyeza. 30 ni moto mkubwa kutoka betri. 87 unaenda kwenye taa. Ukiona wa tano katikati 87a achana nao, uvalishe plastiki, huo una moto wakati relei imelala, ndio uliomtesa jirani.

Waya wa rivasi wa gari ulete kwenye 86. 85 uipeleke ethi. Betri chanya pita kwenye fyuzi yake kwanza, ampea 15, fyuzi ikae shubiri moja tu kutoka betri, halafu 30. Kutoka 87 waya mnene mpaka nyuma kwenye taa. Basi. Sasa waya wa rivasi hauwashi taa tena, unabonyeza kidole tu, unakula ampea sifuri nukta mbili hivi, fyuzi ya geji haitajua hata kama umeongeza kitu.

Relei weka ndani, nyuma ya dashibodi au chini ya kiti, miguu iangalie chini ili maji yakiingia yatiririke. Ukiiweka chini ya gari, mto Malagarasi ukijaa utaivulia humo.

#17 Kalinzi_Kahawa
Mzee umenisaidia sana. Nimeandika.

#18 Volti_Kumi_na_Mbili
Mzee kaandika vizuri kabisa, naongezea unene wa waya. Kutoka relei ya mbele mpaka mlango wa nyuma wa Hardtop weka mita 5, ukikwepa huku na huku 6. Ukitumia waya mwembamba wa mili za mraba 0.75 na taa za halojeni za wati 55 mbili, ampea 9 na kitu, unapoteza kama volti moja njiani. Halojeni ikipungukiwa volti moja mwanga unashuka karibu robo. Ukiweka waya wa mili 2.5 unapoteza kama volti 0.3 tu. Kwa LED hata mili 1.5 inatosha, ila nunua 2.5 uwe umemaliza.

#19 Ulyankulu_Finest
Mi relei zangu zinaungua! Nimefunga kwenye Fuso ya tumbaku, ya kwanza imekaa siku mbili, ya pili haikumaliza hata wiki, taa zenyewe nzima kabisa.

#20 FundiWaya_Mwandiga
Fuso ni volti 24 mdogo wangu. Umenunua relei ya 12. Taa zako zimepona kwa sababu LED inakubali mpaka 30, ila koili ya relei haina huruma. Soma mgongoni mwa relei, lazima iandikwe 24V. Na usije ukachukua 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili, nimeona wengi wanafanya hivo kwa ajili ya redio, betri moja inachajiwa kupita kiasi nyingine inabaki na njaa, miezi michache zote mbili zimekufa.

#21 Ulyankulu_Finest
Daah. Redio yangu iko hivohivo.

#22 Migebuka
Uzi wa taa umefufua betri ya mtu Ulyankulu. Haya endeleeni.

#23 Dereva_wa_Kike_TBR
#13 na wengine wote mnaosifia relei, relei itaondoa ule mwanga wa kwa mbali, ni kweli, kwa sababu moto kidogo unaovuja hauna nguvu ya kubonyeza koili. Lakini kosa litakuwa bado lipo, ethi mbovu au balbu mbovu au soketi, umelifunika tu. Kesho breki zenyewe zitawaka hafifu na aliye nyuma yako na Fuso ya kuni hatakuona ukisimama. Kaka Kalinzi tafuta kosa kwanza, relei baadaye.

#24 Sikonge78
Dada hapo umenena.

Swali langu jingine kwa mzee wa Gungu. Mi nataka taa hizihizi niweze kuziwasha hata kama sijaweka rivasi, tukiwa porini tunapakia asali usiku. Nimeambiwa niweke swichi tu iingize moto kwenye ule waya wa 86.

#25 Mzee_wa_Gungu
Usifanye hivyo. Ukiingiza moto pale na waya wa rivasi bado umeungana, moto utarudi mpaka kwenye taa za rivasi za gari, zitawaka nazo, na zitakula kupitia swichi yako ndogo. Kama gari ina kamera ya nyuma nayo itawaka. Njia mbili. Ama swichi ya hatua tatu, kati ni zima, juu inachukua waya wa rivasi, chini inachukua moto wa fyuzi nyingine, na mguu wa katikati ndio unaenda 86. Ama uweke dayodi (inapitisha moto upande mmoja tu) kwenye waya wa rivasi, mstari wake uelekee kwenye relei. Ile ndogo ya 1N4007 inatosha, inabeba ampea moja na koili haifiki robo.

Mimi napenda swichi ya hatua tatu. Unaweza kuzima kabisa ukiwa mjini usimwumize mtu macho.

#26 Bwana_Asali
Hiyo swichi weka na kataa kekundu kadogo kwenye dashibodi wakuu. Mimi nilisahau zikawaka kutoka Ipole mpaka karibu na Sikonge, basi lililokuwa nyuma yangu lilinipigia honi njia nzima nikadhani ananiomba njia, nikawa namwashia indiketa apite.

#27 Kibondo_Kwetu
Na askari wa barabarani je? Nimesikia mwanga mweupe nyuma ni kosa.

#28 Volti_Kumi_na_Mbili
Kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa ya taa za magari, namba 48, taa ya rivasi ni nyeupe na inatakiwa iwake pale tu gia ya rivasi ikiwa imeingia. Watengenezaji wengi wanafuata hiyo. Sasa ukiwasha nyeupe nyuma huku unakwenda mbele, anayekufuata gizani anadhani unakuja kwake. Sheria iwepo isiwepo, hilo ni jambo la kuua watu. Porini ukiwa umesimama washa utakavyo.

#29 Kibondo_Kwetu
Mimi nilisimamishwa nikamwonyesha kuwa bila rivasi haziwaki, akaniambia nenda. Ila alinitaka nizielekeze chini zaidi.

#30 FundiWaya_Mwandiga
Na ni kweli zielekezwe chini. Watu wanafunga juu ya keria zinatazama mbali kama za mbele, ukirudi nyuma unaona mti wa mita hamsini ila shimo lililo chini ya bampa huoni. Rivasi unataka mita 10, 15 za mwanzo, mwanga wa kusambaa kushoto na kulia, sio wa kuchoma mbali. Na vumbi lako mwenyewe likikufikia mwanga wa juu unakurudia machoni kupitia vioo.

#31 Sikonge78
Vumbi lenyewe dawa yake taa za njano.

#32 Volti_Kumi_na_Mbili
Njano kwa nyuma hapana, aliye nyuma atadhani indiketa. Na kwenye vumbi kinachosaidia zaidi ni taa kukaa chini na mwanga kukatwa juu kuliko rangi.

#33 Sikonge78
Njoo Sikonge mwezi wa tisa uone vumbi kabla hujaniambia habari za rangi. Nimetumia zote mbili. Njano.

#34 Migebuka
Msitupie mawe, mwenye uzi yuko wapi?

#35 Kalinzi_Kahawa
Nipo wakuu, nilikuwa njiani, huko mtandao ni wa kubahatisha. Nawaletea majibu.

Jumamosi nimeshinda chini ya gari. Nimefanya hivi. Kwanza soketi ya tela (#5): nimeitoa, ndani kulikuwa na tope kavu jekundu na shaba zimekuwa kijani. Nimeikata yote nikafunga kila waya peke yake. Nimejaribu breki usiku, LED bado zinawaka kwa mbali, ila naona kama zimepungua, utingo anasema ziko vilevile.

Pili balbu (#7): dada ulikuwa sahihi, ya kulia ilikuwa imeingizwa kinyume! Nimegeuza. Lakini mwanga ule unatoka hata nikiitoa balbu ya kulia kabisa, kwa hiyo sijui.

Tatu nimechukua waya mrefu kutoka hasi ya betri nikagusisha kwenye kopo la taa ya kushoto kupima alichosema #4. LED zimefifia sana. Hazikuzima kabisa. Kwenye giza totoro ukisogeza uso bado unaona vijidoti vya njano.

Nne waya wa bawaba (#8): umebanwa kweli, plastiki imepondeka sehemu mbili, ila shaba haijatoka nje kwa macho yangu.

Fyuzi haijakatika siku nne. Lakini na mvua haijanyesha siku nne.

#36 Volti_Kumi_na_Mbili
Zimefifia sana, kwa hiyo ethi ya kopo ni mbovu, nilisema. Hivyo vijidoti vilivyobaki ni kutu kati ya kopo na soketi ya balbu yenyewe, ulipogusisha waya hukufika ndani. Ingiza ncha mpaka kwenye shaba inayoshika kitako cha balbu.

#37 Kibondo_Kwetu
Sio hivo, ni waya zilizooza ndani kati ya soketi na kopo. Umekata soketi, je umefuata waya mpaka juu? Maji yanapanda ndani ya plastiki ya waya kama utambi wa koroboi. Unakuta nusu mita nzima imekuwa nyeusi.

#38 Sikonge78
Siku nne fyuzi haijakatika kwa sababu umeugusa ule waya wa bawaba ukaupanga vizuri. Mvua haihusiki.

#39 Dereva_wa_Kike_TBR
Au haijakatika kwa sababu balbu imegeuzwa. Na kaka, hiyo ya kuiangalia kwa macho haitoshi. Chukua mita weka kwenye ohm (kipimo cha ukinzani), mguu mmoja kwenye waya wa LED mwingine kwenye bodi, LED na balbu za rivasi zikiwa zimechomolewa, halafu mtu afungue na kufunga mlango polepole. Namba ikiruka umempata.

#40 Mzee_wa_Gungu
Na swichi ya rivasi kwenye giaboksi mmeisahau. Ina nyaya mbili na kiunganishi chake kinaning'inia juu ya giaboksi, tope na oili vinakusanyika pale. Waya mmoja ukigusa chuma, fyuzi ya geji inakatika palepale, bila LED, bila mlango, bila chochote. Na inakatika hasa ukiwa kwenye mashimo kwa sababu giaboksi inacheza. Zilikatika ukiwa wapi hizo fyuzi tatu?

#41 Kalinzi_Kahawa
Mbili baada ya kivuko cha Ilagala kwenye yale mashimo, moja hapa mjini Kigoma nimepaki, asubuhi nawasha tu.

#42 Mzee_wa_Gungu
Ile ya mjini rivasi ilikuwa imeingia?

#43 Kalinzi_Kahawa
Nilikuwa nimeipaki kwenye mteremko, nimeacha kwenye gia ya rivasi ndio. Huwa naweka gia maana handibreki haishiki vizuri.

#44 Sikonge78
Rivasi imeingia, taa zimepata moto, waya wa mlango umegusa. Tumerudi palepale nilipokuwa mimi.

#45 Volti_Kumi_na_Mbili
Au LED zinavuta moto mwingi kwa kishindo zinapoanza, zina kapasita ndani, na fyuzi ilikuwa imeshachoka. Fyuzi ina kumbukumbu.

#46 FundiWaya_Mwandiga
Hiyo ya fyuzi tuiache bwana. Ila handibreki ndugu yangu, tengeneza handibreki kabla ya taa. Mwandiga kushuka mjini na gari ya watoto wa chanjo bila handibreki, hapana.

#47 Kalinzi_Kahawa
Umesema kweli, nimeshaipeleka ikazwe leo.

#48 Bwana_Asali
Kuna mtu redio yake inakoroma taa za LED zikiwaka? Yangu nikiweka rivasi tu FM inageuka sauti ya nyuki.

#49 Volti_Kumi_na_Mbili
Ndio, zile saketi za ndani ya LED za bei rahisi zinapiga kelele za mawimbi. Pitisha waya wa taa mbali na waya wa antena, na ethi zake ziwe fupi. Ukishindwa badilisha taa. Mwenye redio kolu ya masafa marefu kwenye gari ya kliniki hilo alifikirie mapema, unaweza ukashindwa kuita msaada kwa sababu ya taa.

#50 Kalinzi_Kahawa
#49 tunayo redio kolu, asante sijawaza kabisa. Nitajaribu kuita nikiwa na rivasi nione.

Nimenunua relei na soketi yake, waya mili 2.5 mita 8, fyuzi na kiota chake, na ile plastiki ya makunyanzi ya kupitishia waya. Swichi ya hatua tatu sijapata hapa mjini, duka moja wanayo ya hatua mbili tu.

#51 Dereva_wa_Kike_TBR
Tabora zipo, ulizia maduka ya spea za malori. Kuna mtu anapanda treni kuja huko wiki hii nikutumie, njoo inboksi.

#52 Mzee_wa_Gungu
Ukipitisha waya chini, usifuate bomba la ekzosi wala shafti. Pita ndani ya reli ya chesesi upande usio na ekzosi, funga kila shubiri mbili. Viungo paka vaselini kabla ya kufunika. Na mlangoni pale waache walegee kidogo, waya uwe na tumbo, mlango ukifunguka wote usivutike.

#53 Kalinzi_Kahawa
Sawa mzee.

Jana usiku imenyesha. Nimeamka saa kumi na moja nikaenda kuwasha kabla sijafunga chochote kipya. Rivasi ndani, fyuzi nzima. Nimekanyaga breki utingo akiwa nyuma, anasema LED ya kulia haiwaki hata kidogo, ya kushoto inawaka kwa mbali na inacheza cheza kama mshumaa kwenye upepo. Mwanzo zilikuwa zinawaka sawa zote mbili.

#54 Kibondo_Kwetu
Inacheza? Maji hayo. Fuata waya.

#55 Sikonge78
Upande wa kushoto ndo upande wa bawaba au wa kitasa?

#56 Kalinzi_Kahawa
Wa bawaba.

#57 Sikonge78
😀

#58 Volti_Kumi_na_Mbili
Na ndo upande wa kopo lenye ethi mbovu pia. Kalinzi piga picha ndani ya kopo mchana utuwekee hapa, balbu zikiwa nje.

#59 Kalinzi_Kahawa
Jua hapa linazama saa moja, nina saa mbili za mwanga. Naenda kufungua, nawawekea picha.